Kanzu ya Padri wa Mlangoni

Nianze kwa kusema kwamba nina hasira, asije mtu baadaye akalalamika kwamba hakuambiwa. Nina hasira na mwenyekiti wa kamati ya jubilei. Nina hasira na kwaya nzima, kuanzia sauti ya kwanza mpaka besi. Na zaidi ya wote nina hasira na paroko wetu, kijana mtanashati mwenye sauti ya asali, ambaye akihubiri habari za wafiadini hata wanaume wa benchi la nyuma wanatafuta leso. Mume wangu ananiambia nipunguze moto. Namjibu kwamba mama ni wake, lakini kazi ya kukasirika ameniachia mimi, basi aniache niifanye.

Mama huyo, mama mkwe wangu, ni mfua nguo. Wanamwita Mama Pasi. Kwa miaka mingi alifua nguo zote za kanisa katika chumba kilicho nyuma ya sakristia, chenye masinki mawili ya saruji, kamba zilizovutwa toka ukuta mpaka ukuta, na meza ndefu iliyofunikwa blanketi kuukuu la kupigia pasi. Umeme ulipoletwa walimpa pasi ya kisasa. Aliipokea kwa heshima zote, akaiweka juu ya kabati, akaendelea na pasi yake ya mkaa. Alikuwa akilala chumba cha pili, mlango kwa mlango na masinki, chumba alichopewa na paroko wa zamani alipofiwa na mume akabaki na mtoto mgongoni. Mtoto huyo ndiye huyu anayeniambia nipunguze moto.

Hatukupendana tangu mwanzo, mimi na yeye, nisijifanye malaika. Mimi ni msusi, nina saluni yangu ndogo, na saluni haiendi bila udaku. Mama Pasi alikuwa na udaku wa mji mzima mikononi mwake, maana zamani alifulia pia walimu, wenye maduka na wakubwa wa ofisini, lakini kumtoa neno ilikuwa kazi bure. Shati la mtu likija na rangi ya mdomo ambayo mkewe haipaki, yeye analilowesha, analisugua, analirudisha jeupe. Nilikuwa namchokoza: "Mama, hebu niambie tu herufi ya kwanza ya jina." Ananikazia macho: "Mke wa mwanangu, mimi doa nalitoa. Silihoji." Ndiyo iliyokuwa sheria yake ya kazi. Hakuwahi kumuuliza mtu doa limetoka wapi, na kwa sababu hiyo watu walimwamini. Kwa sababu hiyo hiyo yalitokea yaliyotokea.

Sasa niseme habari za Padri wa Mlangoni, kwa sababu kila kitu kinamhusu yeye. Wamisionari wa kwanza kuja kwetu walikuwa wanne, mapadri watatu na sista mmoja. Padri mmoja homa ilimchukua kabla hawajamaliza kuezeka kanisa. Wa pili aliuawa njiani akipeleka dawa kwa watu wenye ndui, akaokotwa na mkoba wake wa dawa ukiwa bado begani. Wakabaki padri mmoja na sista. Wakati huo watu walikuwa wakiwindwa na kuuzwa, na waliponusurika walikimbilia kanisani. Siku moja wawindaji wakaja mpaka pale pale, wana bunduki na kamba. Padri hakuwa hata na fimbo. Alisimama mlangoni amevaa kanzu yake nyeupe, akashika miimo ya mlango huku na huku, akawaambia kwa lugha yetu, aliyokuwa akiivunjavunja, kwamba hapa hapaingiwi. Huku nyuma sista alikuwa akiwapitisha watu dirishani. Mpaka walipomuua Padri na kuingia, kanisa lilikuwa karibu tupu. Sista alikuwa amerudi kuchukua mtoto mmoja aliyesahaulika chini ya benchi. Wakamuua naye hapo. Mtoto alikuwa ameshapita.

Miongoni mwa waliopita dirishani alikuwemo msichana aliyembeba mdogo wake. Huyo msichana ndiye aliyemzaa bibi yake Mama Pasi. Kwa hiyo kwa mama mkwe wangu Padri wa Mlangoni hakuwa picha ya ukutani. Alikuwa mtu wa kwao. Alimtaja kama unavyomtaja mjomba. Na alisimulia jambo moja ambalo hujalisikia kwenye mahubiri hata siku moja: kwamba Padri aliogopa. Msichana yule aliona kanzu ikitikisika kwa jinsi magoti yalivyokuwa yakimtetemeka. "Aliogopa sana," Mama husema, "na hakuondoka."

Kanzu hiyo ilihifadhiwa. Mama aliiona alipokuwa mtoto, ndani ya kabati la kioo, na doa kubwa la kahawia kifuani. Halafu wakaja watu wenye mipango yao. Kwaya ikashinda mashindano, ikashinda tena, vikombe vikawa vingi, na mtu fulani mwenye akili zake akaona kabati la kioo lile lingefaa sana kwa vikombe. Kanzu ikatolewa. Iliwekwa wapi, hakuna aliyejua. Wengine walisema iko kwa askofu, wengine walisema ng'ambo. Hakuna aliyeuliza zaidi. Watu waliomwomba msaada kila juma hawakuuliza kanzu yake iko wapi, lakini ungepoteza kikombe kimoja cha kwaya ungeitwa kwenye kikao.

Ikaja jubilei ya parokia. Askofu anakuja, wageni wanakuja, na mwenyekiti wa kamati, mzee mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi na tumbo lililomtangulia, akaanza kupekua stoo ili kanisa lipambike. Akakuta sanduku la kanzu kuukuu. Nyingine za watumikiaji wa altare, nyingine za mapadri waliokwisha kufa, nyingine zimetafunwa na panya. Akazitia zote kwenye gunia, akaja nalo mpaka chumba cha kufulia. Nilikuwepo, nilikuwa nimempelekea Mama sabuni, na nilimsikia kwa masikio yangu haya.

"Mama Pasi, hizi nazitaka nyeupe pee. Nisione hata alama."

"Utazipata, Mwenyekiti."

Mama akazimimina sakafuni. Moja ilikuwa na doa kubwa la kahawia kifuani, kavu kama gamba. Nikamuuliza kama ni kutu. Akaligusa kwa kidole, akasema ni damu ya siku nyingi, labda mtumikiaji alitokwa damu ya pua akaficha nguo. Ile ya Padri haikutujia akilini; sote tuliamini iko kwa askofu au ng'ambo. Akalowesha kwa maji baridi na chumvi, akapaka ndimu, akaanika juani, akarudia. Alirudia mpaka mimi nikachoka kwa niaba yake. Doa lilikuwa bishi, na yeye alikuwa bishi zaidi. Siku lilipotoka aliniita niione kanzu kambani, akacheka kama msichana. Sikuwahi kumwona amefurahi hivyo na kazi ya mikono yake.

Mwenyekiti alirudi akiwa anahema. Alikuwa ametoka kukuta daftari la zamani la vitu vya kanisa, ndipo akatambua alichokibeba kwenye gunia.

"Ile kanzu yenye damu iko wapi?"

"Zote ziko hapa, Mwenyekiti. Hakuna yenye damu tena."

Akaanza kuzipangua zile kanzu nilizokuwa nimezikunja kwa mikono yangu, akizitupa huku na huku, mpaka akafika kwenye moja iliyoshonwa kwa mkono, yenye msalaba mdogo wa uzi mwekundu ndani ya kola. Akaishika, akasema daftari limeutaja msalaba huo. Mama aliuona msalaba ule, naye akaelewa. Aliweka mikono kichwani, akakaa chini kwenye sakafu yenye maji.

"Wewe mama," Mwenyekiti akasema, "umemuua Padri mara ya pili."

Hebu fikiria. Mtu aliyeitia kanzu kwenye gunia, aliyesema asione hata alama, ndiye anayesema maneno hayo kwa mwanamke aliyekaa kwenye maji. Nilimtolea uvivu. Nilimwambia aende akawaulize wenye vikombe. Nilimwambia mengine ambayo siwezi kuyaandika kwa sababu watoto wangu wanasoma. Mama alinishika pindo la gauni ninyamaze. Alikuwa akilia bila sauti, akisema, "Nimemfuta. Nimemfuta mwenyewe."

Paroko akaitwa. Akaja, akaitazama kanzu, akaguna kwa huzuni. Mwenyekiti akafunga mlango, akashusha sauti. Alisema wageni wameshaalikwa, magazeti yameshaambiwa, na kwamba hakuna jambo lisilo na dawa. Kuku mmoja tu, akasema. Damu ya kuku ikikauka vizuri hakuna wa kuitambua, nyuma ya kioo tena. Na ni kweli kanzu ni yake, si ya kubandika, kwa hiyo uongo wenyewe ni mdogo.

Nilimtazama Paroko. Nilikuwa na hakika atapasua mtu. Huyu ndiye aliyetutoa machozi kwa mahubiri yake juu ya Padri aliyesimama mlangoni.

Paroko alitazama saa yake. "Mimi hayo sijayasikia," akasema. "Nina wagonjwa wa kuwatembelea." Akafungua mlango, akaenda zake.

Mwenyekiti akamgeukia Mama. "Umesikia. Chumba hiki ni cha parokia, na hicho unacholala pia ni cha parokia. Mimi siku zote nimekutetea. Usinifanye nijute."

Mama aliokota kanzu nyingine zilizotupwa, akaanza kuzikunja upya. Nilijua amemeza, na moyoni nilimlaumu, maana ningekuwa mimi ningekuwa tayari niko sokoni natangaza. Lakini mimi nina mume, nina saluni, nina pa kwenda. Yeye alikuwa na chumba kile, masinki yale, na jina lake. Jina lenyewe lilikuwa hilo la mtu asiyeshindwa na doa.

Kuku akachinjwa jikoni kwa mapadri. Mpishi alijua. Masista walijua, kwa sababu ndio walioombwa brashi ya kuipakia damu. Kwaya walijua, kwa sababu ndio walioondoa vikombe na kuisimika kanzu kabatini, na mmoja wao alinifuata saluni nimsuke, akanisimulia akicheka, "Shoga, ukiisogelea inanuka!" Nilimsuka mistari imekaza mpaka macho yakamtoka. Ndilo nililoweza kufanya wakati huo.

Jubilei ikafika. Kanisa lilifurika mpaka nje. Kabati liliwekwa mbele, pembeni ya altare, limezungushiwa maua, watu wapite baada ya misa kuibusu kanzu juu ya kioo, na ndani kanzu imetandazwa na doa lake jipya, jekundu lililoiva. Mama alikaa na mimi. Alikuwa ametulia kabisa, rozari mkononi, na nikajisemea basi, yamekwisha, tule wali twende nyumbani.

Nadhani na yeye alikusudia kunyamaza. Mpaka leo naamini hivyo. Alikuwa amepiga moyo konde abaki na chumba chake. Kilichomwinua ni mahubiri. Paroko alipanda mimbari, akaanza vizuri kama kawaida yake, akasimulia bunduki, kamba, mlango. Halafu akanyoosha mkono kuelekea kabati.

"Tazameni damu hii! Damu hii inasema nasi leo!"

Mama akasimama. Nilidhani anatoka kwenda chooni. Akapita mbele ya magoti ya watu, akaingia njia ya katikati, akatembea mpaka mbele ya altare, akapiga goti kama inavyopasa, akageuka kwa Askofu.

"Baba Askofu, unisamehe. Hiyo ni damu ya kuku. Damu ya Padri niliifua mimi bila kujua. Imetoka yote. Watu wasiibusu hiyo."

 Askofu, mzee mwenye miwani mizito, aliinama kwenye kiti chake. "Mama, sema tena taratibu."

Akasema tena, neno kwa neno. Mwenyekiti akachomoka benchi la mbele, mikono imefumbatwa kwa unyenyekevu. "Baba Askofu, mama huyu ni mzee wetu tunampenda, ila kumbukumbu zinamchezea siku hizi."

Nikasimama. Nikapiga kelele kwamba huyo ni muongo, nilikuwepo, gunia nililiona! Mtu nyuma yangu akasema, "Huyo ni mkwe wake, atasemaje?" Askofu akainua mkono tunyamaze. Akamgeukia Paroko aliyekuwa bado mimbarini.

"Padri, wewe unalijua jambo hili?"

Nitakufa nikikumbuka. Alikuwa na kipaza sauti mbele yake. Alikuwa na kanisa zima kimya. Alikuwa na Padri wa Mlangoni aliyetoka kumsifu sasa hivi, mate hayajamkauka. Hakuna aliyemwelekezea bunduki. Kilichokuwa mbele yake ni mwenyekiti mwenye duka na aibu ya asubuhi moja.

"Silijui, Baba Askofu," akasema.

Askofu akauliza waumini kama yuko mwingine anayejua lolote. Nikageuka kuwatazama. Mpishi alikuwa akifunga kamba za viatu. Masista walikuwa wakitazama rozari. Kwaya yote, watu zaidi ya benchi nne walioibeba kanzu ile kwa mikono yao, walikuwa wakifunua vitabu vya nyimbo, na mwalimu wa kwaya, Mungu amsamehe maana mimi bado, akapiga kinanda wakaanza kuimba. Wimbo wa wafiadini. Wanaume wawili wa ulinzi wakamshika Mama huku na huku wakamtoa nje, na mashati waliyovaa alikuwa amewapigia pasi yeye.

Askofu, nisimwonee, aliagiza kabati lifunikwe na hakuna aliyeibusu kanzu siku ile. Baadaye akaichukua. Tangazo lilisomwa kwamba imekwenda kwa matengenezo. Matengenezo! Neno la kweli halikusomwa. Mwenyekiti bado ni mwenyekiti, vikombe vimerudi kabatini, na chumba cha Mama kilibadilishwa kitasa kabla hajamaliza kutoa vyombo vyake. Siku hizi wanafua kwa mashine, na vitambaa vya altare vina rangi ya moshi. Mjini wakamaliza kazi: Mama Pasi amezeeka, Mama Pasi anaona mambo, maskini. Watu aliowatunzia siri za mashati yao ndio waliosema kwa sauti kubwa zaidi.

Akaja kukaa kwetu. Nilimpa chumba cha watoto. Hatugombani tena, au tuseme tunagombana kwa mapenzi, kwa sababu hawezi kuniona nikifua bila kuninyang'anya beseni.

Jioni moja nilikuwa barazani namsuka jirani, Paroko akatokea. Peke yake, bila gari. "Tumsifu Yesu Kristo," akasema. Sikuitikia. Mama ndiye aliyeitikia kutoka ndani, "Milele amina, Padri, karibu," akamwekea kiti, akamtengenezea chai. Nilimwacha jirani na kichwa nusu, nikaenda kusimama mlangoni kwangu. Sikutaka kupitwa na neno.

Aliinamisha kichwa mpaka nikaona utosi. "Mama, nimekuja kuomba msamaha. Niliogopa. Ningeharibu jubilei, ningehamishwa, sijui. Silali, Mama."

Nilimjua mama mkwe wangu. Nilijua atasamehe, na nilishaanza kuuma meno.

"Nimekusamehe, Padri," akasema. "Siku ile ile nilikusamehe."

Paroko akashusha pumzi, akanyoosha mkono kuchukua chai.

"Sasa Jumapili kaseme kanisani," Mama akasema.

Mkono ukabaki hewani. "Mama... jambo hili limeshatulia. Mwenyewe umesema umenisamehe."

"Mimi ndiyo. Lakini mimi siyo niliyedanganywa. Mimi nilijua ni kuku."

"Siwezi, Mama. Sasa hivi siwezi. Labda baadaye, mambo yakipoa."

"Haya." Akasimama, akamfungulia mlango kwa adabu zote, mimi ikanibidi nipishe. "Ukiweza, utasema. Mimi nitakuwepo."

Nilidhani ni maneno tu. Nilimwambia tuhamie parokia ya pili, kule hakuna anayetujua, na kwaya yao haijashinda chochote. Alinitazama kama nimemtukana. Nihame kwa nini, akaniuliza, watu wa kwetu walipita dirisha lile wakiwa hai, nikasali wapi kwingine?

Kwa hiyo kila Jumapili tunakwenda. Anakaa benchi la kwanza, upande wa mimbari. Watu wameacha nafasi huku na huku kwake, naikalia mimi, upana wangu wote. Paroko siku hizi anasoma mahubiri kwenye karatasi bila kuinua uso. Ukifika wakati wa komunyo mapadri huwa wawili, na mstari wa yule mwingine ni mfupi. Mama haendi huko. Anapanga mstari wa Paroko, na mimi nyuma yake.

Anafika mbele. Paroko anainua hostia, anasema, "Mwili wa Kristo."

Mama hajibu. Anamtazama usoni, bila chuki, anangoja. Nyuma yetu mstari unasimama, watu wanakohoa, kinanda kinarudia ubeti uliokwisha. Anampa nafasi. Na Paroko, ambaye anajua anangojewa nini, anashusha macho.

"Amina," Mama anasema, anapokea, na Jumapili inayofuata tunarudi.